Mjomba anataka mwendesha mashtaka apigiwe kura

Tangu nirudi, mjomba hanipi nafasi ya kupumua. Kila tukikaa ni lile lile: "Huko Marekani mwendesha mashtaka anapigiwa kura. Akionea watu, wanamtoa. Sisi Tanzania DPP, Mkurugenzi wa Mashtaka, anateuliwa na Rais, utamfanya nini?"

Mjomba, shikamoo yako ipo pale pale. Ila mimi nimeishi Louisiana na hizo kampeni nimeziona. Mgombea anajinadi kwa ukali wake na kwa watu aliowafunga. Sijasikia hata mmoja akiomba kura kwa kuwa alifuta kesi ya asiye na hatia. (Nani angempa?)

Chukua kesi ya John Thompson wa New Orleans, huko huko Louisiana. Mwaka 1985 alishtakiwa kwa mauaji, na pia kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Waendesha mashtaka wakaanza na unyang'anyi makusudi: akishatiwa hatiani, ataogopa kupanda kizimbani kujitetea kwenye mauaji. Ikawa hivyo, akahukumiwa kifo.

Sasa sikiliza. Yule mnyang'anyi aliacha damu kwenye suruali ya mmoja wa aliowavamia. Maabara ikapima: kundi B. Thompson ni kundi O. Ripoti ikafichwa. Ilifukuliwa 1999 na mpelelezi wa mawakili wake, wiki chache tu kabla ya siku ya kuuawa. Kesi ya mauaji iliporudiwa 2003, juri, yaani raia wanaoamua kesi, ilimwachia kwa dakika 35. Alishakaa ndani miaka 18, 14 kati ya hiyo akisubiri kifo.

Na kura? Mkuu wa ofisi ile ya mashtaka alichaguliwa mara ya kwanza 1973, akakaa hadi 2003. Thompson akapewa fidia ya dola milioni 14, lakini 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta, majaji 5 dhidi ya 4: eti kesi moja haitoshi kuonyesha kwamba ofisi ilizembea kuwafunza watu wake.

"Kwa hiyo bora wa kuteuliwa?" Sikusema hivyo. Aliyeteuliwa anamtazama aliyemteua, wa kura anatazama uchaguzi ujao. Mimi nauliza jalada la upelelezi analiona nani, na anayeficha karatasi anafanywa nini.

Mjomba akataka kujua aliyeificha ile ripoti alifungwa miaka mingapi. Mmoja wa waendesha mashtaka wale alikiri kwa rafiki yake mwaka 1994, alipojua saratani inammaliza, akafa mwaka huo huo. Rafiki, naye mwanasheria, alinyamaza miaka mitano. Adhabu ya huyo rafiki ilikuwa karipio.