Tulivyokataa kuwa wasindikizaji katika ruzuku ya chuo kikuu

Mwaka 2022 nilimsindikiza mama mmoja wa kwetu kliniki. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Nilichelewa kupata maegesho, nikaingia na kumkuta mwanawe wa miaka kumi na mmoja ameketi kati yake na daktari, anatafsiri. Daktari aliuliza kuhusu kutokwa damu. Mtoto alitazama viatu vyake, kisha akamwambia mama yake, "Anauliza kama unaumwa." Mama akajibu hapana, na jibu hilo likaandikwa kwenye faili.

Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza taasisi inayopokea fedha za serikali kuu ya Marekani kumbagua mtu kwa rangi au kwa taifa alikotoka. Kwa msingi huohuo, kanuni za kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya 2010 zinakataza kumtumia mtoto kama mkalimani, isipokuwa kwa dharura. Sisi Wakongo wa mji wetu hapa Ohio, wengi tuliopita kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, hatukuyajua hayo, na kliniki haikutuambia.

Baada ya George Floyd kuuawa Minneapolis mwezi Mei 2020, vyuo vikuu vingi vilitenga fedha za kushirikiana na jamii dhidi ya ubaguzi wa rangi. Chuo kimoja jimboni kwetu kilikuwa na mfuko wa namna hiyo, na sharti lake ni profesa aombe pamoja na kikundi cha jamii. Profesa wa uuguzi, Mmarekani Mweusi, alitufuata kanisani. Alikuja na takwimu za serikali za mwaka 2021: katika kila vizazi hai 100,000, wanawake Weusi 69.9 walifariki kwa sababu za uzazi, Weupe 26.6. Mzee wa kanisa aliomba zisomwe tena.

Andiko la mradi lilikuwa zuri. Nikaomba bajeti. Kambini nilikuwa mtunza hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, kwa hiyo nikiona karatasi ya fedha naanzia chini, kwenye jumla. Dola 40,000 kwa mwaka mmoja na nusu, na sisi tulitengewa 3,000 za "kuwafikia wanajamii", pamoja na kadi za manunuzi za dola 25 kwa kila mama atakayehojiwa. Nilichukua kalamu, nikaandika pembeni ya kila kazi nani ataifanya na kwa saa ngapi. Kutafuta akina mama, kuwapokea, kukalimani, kulea watoto wao wakati wa mahojiano, kuhakiki tafsiri: yote ilikuwa juu yetu.

Nilimwambia profesa, "Daktari, tunakuheshimu sana, lakini humu sisi ni wasindikizaji." Alinyamaza kitambo, akavuta kiti karibu, tukaanza upya mstari kwa mstari. Tulipomaliza, upande wetu ulikuwa na dola 17,500.

Kilichokaribia kutuvunja ni utaratibu wa malipo. Chuo kilitaka tutumie kwanza, tulete risiti, ndipo turudishiwe. Akaunti yetu ilikuwa na dola 312! Tuligoma kusaini hati ya makubaliano mpaka iandikwe kwamba tutalipwa kila robo mwaka kabla ya kazi. Ilichukua miezi mitatu. Na kwa kuwa kikundi chetu hakikuwa na usajili wa asasi isiyo ya faida, kanisa lilikubali kutupokelea fedha. Ukiwa katika hali kama yetu, haya yamalize kabla ya kusaini chochote.

Ikaja kamati ya maadili ya utafiti na fomu zake za ridhaa. Akina mama waliuliza kama watachomwa sindano za majaribio. Profesa hakuwabeza. Aliwaeleza habari za Tuskegee, Alabama: kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali iliwaacha wanaume Weusi 399 wenye kaswende bila matibabu, hata penisilini ilipopatikana. Kamati hizi ziliwekwa kwa sheria ya 1974 kwa sababu ya watu wale. "Walikuwa watu wangu," alisema. Kuanzia siku hiyo mama zetu waliacha kumwita Daktari, wakamwita dada.

Fomu yenyewe ilitafsiriwa na mashine. Usawa wa rangi ulikuwa umeandikwa "usawa wa mbio", maana neno la Kiingereza "race" hubeba maana zote mbili. Mama mmoja wa Fizi, mashariki mwa Kongo, aliuliza, "Tutakimbia tena kwenda wapi?" Hakuna aliyecheka, maana sote tumekimbia. Tulikaa saa mbili tukitafuta neno. "Kabila" lilikataliwa palepale, ndilo lililotutoa nyumbani. Yule mama akasema, "Fizi nilikuwa Mbembe. Weusi nimeupatia hapa." Tukaandika "rangi", na chini yake sentensi tatu za maelezo kwa Kiswahili cha kwetu. Kamati ilipitisha.

Wanawake tisa walimaliza mafunzo ya ukalimani wa kitabibu, saa 40, huku wakilipwa kwa saa. Kliniki ile sasa humuuliza kila mgonjwa lugha yake tangu anapopiga simu.

Mwaka 2025, baada ya amri za rais dhidi ya programu za aina hii, tangazo la mfuko lilirudi bila neno "rangi". Tulibishana jioni nzima kama tuombe tena. Mimi nilitaka tuache, kwa uchungu. Yule mama wa kliniki, ambaye bintiye sasa anatembea, alisema mtoto wake wa kiume asirudishwe kwenye kile kiti. Tumeomba. Safari hii bajeti tumeiandika sisi kwanza, ndipo tukampelekea dada yetu profesa.