Shimo la nyuma ya nyumba, Kyeshero

Kyeshero ya utoto wangu, mtaa wa magharibi mwa mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, iliishia majini. Ukiacha barabara ya Sake na kushuka, ulikanyaga mawe matupu, yale meusi yenye matundu ambayo volkano iliyamwaga zamani, na kandambili mpya haikumaliza mwezi. Chini kabisa ziwa Kivu. Mashariki Himbi, na nyumba kubwa za ufukweni. Magharibi Lac Vert, ziwa dogo la kijani lililokaa ndani ya kreta, kisha Bulengo. Sisi tulikuwa katikati, katika nyumba za mbao: Wanande waliotoka Butembo na biashara zao, Wahunde wa Masisi, Washi wa upande wa Bukavu, na Wahavu wa kisiwa cha Idjwi, ambao ndio walioyajua maji.

Jirani yetu alikuwa Mhavu, mvuvi wa sambaza. Sambaza si samaki wa asili wa Kivu, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na mzee huyu alipenda kutuambia kwamba baba yake alivua hapa kabla yao, siku ambazo mtumbwi mmoja na ndoano vilitosha. Yeye alivua usiku, na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikining'inia juu ya maji. Tukiwa kitandani tulisikia wanavyoimba wakipiga kasia.

Asubuhi ninayoikumbuka ni ya Julai 2001, nikiwa na miaka kumi. Shangazi alikuwa amempa mama mbuzi jike mwenye mimba, na mama alinituma jioni nimfunge chini ya mparachichi. Sikumfunga hapo. Nyuma ya nyumba palikuwa na bonde dogo kati ya mawe, kama sinia kubwa, kina chake kiunoni mwa mtu mzima. Majani yake yalikuwa mabichi hata kiangazi, na upepo haukufika. Niliona ndipo mbuzi atakapolala vizuri.

Alfajiri yaya, dada yangu mkubwa, alinishtua twende ziwani kuchota maji, yeye na bidoni la lita 20, mimi na langu la 5. Nikapita kwanza kumwangalia mbuzi. Alikuwa amelala ubavu, macho wazi, kamba haijavutwa. Hakuna damu, hakuna jeraha. Karibu na pua yake palikuwa na shomoro wawili na mjusi, wamekauka. Hata nzi hakuwepo, na hilo ndilo lililonitisha baadaye nilipolifikiri.

Nikashuka. Nikainama kufungua kamba. Pua ilichoma ghafla, kama mtu aliyevuta povu la soda, mdomoni ukaja uchachu, na magoti yakawa si yangu.

"We mutoto, usiiname! Simama! Toka!"

Mzee alikuwa anarudi kutoka ziwani, wavu begani. Hakuingia bondeni kichwa chini. Alivuta pumzi, akaibana, akanishika shati kwa nyuma akaninyanyua kama ndoo, wima, mpaka kwenye mawe ya juu. Nilitapika. Yaya alikuwa anapiga kelele, na mama akatoka na kitenge kimoja tu kiunoni.

Mzee aliposhusha pumzi aliwasha taa yake ya mafuta, ile ndogo ya mkononi, akaifunga kwenye kamba, akatuita sote tukae ukingoni. Akaiteremsha polepole. Ilipokuwa sawa na ukingo, moto ulisimama vizuri. Ilipofika nusu, ukawa mwembamba na wa manjano. Karibu na majani haukupepea, haukutoa moshi wa kuaga. Ulizimika kama umefunikwa na kiganja. Akaipandisha, akaiwasha tena, akarudia. Ukazimika palepale, kana kwamba kuna maji tusiyoyaona.

"Mazuku," alisema. "Yanalala chini. Jua likipanda na upepo ukija yanatawanyika, lakini usiku na alfajiri yamejaa. Ukiona mwenzako ameanguka humo, usimwinamie. Tafuta kamba."

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba ni kaboni dayoksaidi, inayotoka kwenye nyufa za ardhi na ni nzito kuliko hewa, na kwamba gesi hiyohiyo imejaa katika kina cha ziwa letu pamoja na methani. Lakini sikujifunza jambo lolote ambalo ile taa haikuwa imenionyesha. Mama hakumlilia mbuzi. Alinivua shati, akaninusa kifua na nywele kama mtoto aliyezaliwa sasa hivi.

Wiki hiyo mzee alinizungusha mtaa mzima. Alinionyesha mashimo saba, na kila moja alijua limechukua nini: mbwa, kuku, na moja, mtu. La kwetu alilizungushia mawe na kuchomeka mti mkavu uliofungwa kitambaa chekundu.

Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Kwetu haikufika. Watu waliopoteza nyumba walianza kutafuta viwanja upande wa magharibi, na bei ikapanda. Bonde letu lilijazwa kifusi, likapimwa, likauzwa. Mzee alikwenda kumwambia mnunuzi mwenyewe. Yule akadhani anakitamani kiwanja, akamfukuza. Mpaka leo neno hilo linaniuma, kwa sababu mzee alikwenda kwa miguu yake na hakutaka hata shukrani.

Mwaka 2019 nilirudi, nikabisha hodi kwenye nyumba iliyojengwa pale. Mama aliyeishi humo alikuwa mpangaji, hakuwahi kusikia habari za shimo. Nilimwomba mshumaa. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, hakuna upepo. Chumba cha nyuma sakafu ilikuwa na ufa karibu na ukuta. Niliwasha mshumaa, nikachuchumaa huku nimebana pumzi, nikaushusha. Kwenye goti uliwaka. Kwenye kifundo cha mguu ukainama, ukazimika.

Aliniomba nirudie. Nikarudia. Kisha akawaita watoto watoke nje wote, akaenda pembeni, akalinyanyua godoro la mdogo wao kutoka sakafuni, akalisimamisha juu ya meza.