Daftari Langu la Kiitaliano

Kitabu cha Kiitaliano nilichonunua kwa muuza mitumba mjini kiliandikiwa Waingereza, na kadiri ninavyoendelea nacho ndivyo ninavyozidi kuona kwamba hakikunitarajia. Kurasa zake za mwanzo zimejaa maonyo: irabu zitamkwe wazi bila kumezwa, nomino ina jinsi, na kivumishi hakina budi kuifuata, kitenzi kinambeba mtendaji ndani yake, kwa hiyo neno la kusema "mimi" au "wewe" huachwa. Nilizisoma jioni moja nikiwa barazani kwetu Kisauni, nikazipita kama mtu anayeelekezwa njia ya kwenda nyumbani kwake mwenyewe.

Aliyekua akisema "viti vile viwili vizuri vimevunjika" hashangai kusikia *quelle due belle sedie si sono rotte*, ambamo kionyeshi, kivumishi na kitenzi vyote vinakifuata kiti. Tena wao wana jinsi mbili tu, na *due* yao haibadiliki, ilhali sisi tuna msururu mzima wa ngeli. *Parlo* ni nasema na *parli* ni unasema. Tofauti ni kwamba alama ya mtendaji sisi tunaitanguliza, wao wanaiweka mkiani. Kitabu kinatumia nusu ukurasa kueleza kwamba Mwitaliano "ana" njaa, "ana" kiu, "ana" usingizi, na hata umri wake "anao". Mswahili naye ana nini kingine?

Watu wa nyumbani wameniuliza kwa nini nisijifunze Kichina au Kijerumani. Jibu langu la haraka ni Malindi na Watamu, ambako Waitaliano wameishi na kufanya biashara kwa miongo mingi, na ambako binamu yangu alikipata Kiitaliano ufukweni bila kufungua kitabu chochote. Jibu la pili ni la mtu wa Mombasa: Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilichorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati wa Milano. Sidai kwamba hiyo ni sababu ya kutosha, lakini hunifurahisha kila ninapopita pale.

Yale yanayonitoa jasho, kitabu kimeyapita mbio. La kwanza ni konsonanti zinazokazwa. *Sete* ni kiu na *sette* ni saba. *Nono* ni wa tisa na *nonno* ni babu. Kiswahili hakitenganishi maneno kwa njia hiyo, na kitabu kinasema tu kwamba konsonanti hizo "zishikiliwe kidogo", maelezo ambayo hayamfai mtu yeyote. Mimi niliokolewa na madrasa. Shadda, ile alama ya Kiarabu ya kukaza herufi, ndiyo hiyo hiyo: ulimi unafika mahali pa herufi, unakaa, kisha unaachia, na maalim wetu hakumruhusu mtoto kuendelea na aya inayofuata kabla ya ulimi kukaa ipasavyo. Sasa katika daftari langu kila konsonanti ya Kiitaliano iliyorudiwa naichora kialama cha shadda juu yake kwa kalamu nyekundu, na nikiisoma kwa sauti ulimi unajua la kufanya. Sijaona kitabu kinachofundisha hivyo, na naamini wasomaji wengi wa pwani wangefaidika.

Mkazo nao una mitego. Sisi tunaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kulala usingizi. Kiitaliano hufanya hivyo mara nyingi, kisha ghafla kinakuletea *telefono* na *parlano*, ambapo mkazo umerudi nyuma hatua moja zaidi, na maandishi hayakupi alama yoyote ya kukutahadharisha. Kuhusu *ch*, ambayo kwao ni sauti ya k, nitasema tu kwamba jicho la Mswahili halikubali upesi.

Halafu kuna vijineno vinavyotangulia nomino: *il, lo, la, l', i, gli, le*. Kiswahili hakina kitu cha namna hii. Vinapoungana na *di* vinatoa *del, della, dei, degli, delle*, na hapo nilidhani nimemkuta ndugu wa "wa, ya, cha, vya" zetu. Undugu huo una kasoro. Katika "kitabu cha mtoto", *cha* inakitazama kitabu kilicho nyuma yake. Katika *il libro del bambino*, *del* inamtazama mtoto aliye mbele. Nimeandika mifano ya namna hiyo ukurasa mzima, nikichora mishale ya kwenda nyuma kwa Kiswahili na ya kwenda mbele kwa Kiitaliano.

Kwa kuwa najifunza peke yangu, sauti za kuiga nazipata kwa binamu, ambaye hunirekodia sentensi kwenye WhatsApp. Ni mwalimu mzuri, ila ni mwanamume. Akichoka husema *sono stanco*. Mimi natakiwa niseme *sono stanca*. Akienda ni *sono andato*. Nikienda mimi ni *sono andata*. Kiswahili hakijawahi kunidai nitaje jinsi yangu ili niseme kwamba nimechoka, kwa hiyo hakuna kitu ndani yangu kinachonikumbusha, na kumwiga mtu neno kwa neno hakunisaidii. Nilimweleza shida hiyo, akacheka, akampa simu mkewe, ambaye ana duka la vinyago na kanga huko Malindi na anazungumza Kiitaliano siku nzima.

"Wifi, mimi nasema haraka," alinionya.

Kweli anasema haraka. Kila rekodi yake naisikiliza mara kadhaa kabla ya kuiandika daftarini, nikitafuta hizo *a* za mwisho, na wakati uliopita wa vitenzi nimeamua kujifunza kwake yeye tu.