Uzoefu wangu wa kurekebisha sera za kuingia zinazotegemea mahali katika Microsoft Entra

Ninasimamia mifumo ya kompyuta katika kampuni ya uwakala wa forodha yenye ofisi kuu Dar es Salaam, tawi Mombasa, na watumishi wachache wanaokaa Tunduma kufuatilia malori yanayovuka kwenda Zambia na Kongo. Barua pepe, nyaraka za mizigo na mfumo wa ankara vyote viko kwenye wingu, na vitambulisho vya watumishi vinatunzwa katika Microsoft Entra ID, huduma ambayo hadi mwaka 2023 iliitwa Azure AD. Nilipokabidhiwa kazi hii nilikuta sera mbili zinazoangalia mahali anapotokea mtu. Ya kwanza ilimzuia kila anayejaribu kuingia kutoka nje ya Tanzania, Kenya, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ya pili iliwahusu watumishi wa idara ya fedha peke yao, nayo iliwaruhusu kufungua barua pepe na ankara kwa kupitia anwani za IP za ofisi zetu tu, yaani namba zinazotambulisha muunganisho wa ofisi kwenye intaneti.

Kwenye karatasi sera hizo zilikuwa nzuri. Malalamiko yalianza Mombasa, ambako watu waliokaa chumba kimoja, wakitumia Wi-Fi moja, walipata majibu tofauti: huyu anaingia bila shida, jirani yake anakataliwa. Dada mmoja wa idara ya nyaraka aliniandikia, "Kaka, nenosiri linakubaliwa vizuri, halafu naambiwa siwezi kuingia kwa sasa. Ndiyo nimeachishwa kazi?" Swali lake lilikuwa na mantiki kuliko alivyodhani, kwa sababu sharti la mahali hupimwa baada ya nenosiri kuthibitishwa. Mtu huambiwa kwamba utambulisho wake umekubalika lakini hakutimiza masharti, na chini ya ujumbe huo kuna namba ya kosa, 53003, ambayo maana yake ni kwamba sera ndiyo iliyomzuia. Kumbadilishia nenosiri mtu mwenye kosa hilo, jambo ambalo watu wa dawati la msaada hupenda kulifanya kwanza, ni kupoteza muda wake na wako.

Kabla ya kugusa sera yoyote nilihakikisha kwamba zipo akaunti mbili za dharura, zenye manenosiri marefu yaliyofungiwa mahali salama, na kwamba zote mbili zimeondolewa katika sera zote za kuzuia. Microsoft yenyewe inashauri ziwe angalau mbili. Msimamizi anayehariri sera ya mahali bila akaunti hizo anaweza kujifungia nje yeye na kampuni nzima kwa kubofya mara moja.

Kazi yenyewe ilianzia kwenye kumbukumbu za kuingia. Kwa leseni yetu zinahifadhiwa siku 30, na kila tukio lina ukurasa unaoonyesha anwani ya IP, nchi iliyokisiwa kutokana na anwani hiyo, na orodha ya sera zilizopimwa pamoja na matokeo ya kila moja. Kulipata tukio sahihi ni ufundi wa aina yake. Mtumishi atakwambia alikataliwa saa mbili na robo asubuhi, skrini ya usimamizi itaonyesha 8:15, na faili ukiipakua itaandika 05:15 kwa sababu inafuata saa za UTC, yaani saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Nilikwisha kuwazoesha watu wanitumie picha ya ujumbe wa kosa badala ya saa, kwa kuwa ndani yake kuna namba ya ombi ambayo nikiibandika kwenye kichujio napata tukio lilelile, si la jirani yake.

Niliweka matukio mawili ya Mombasa sambamba, moja la aliyeingia na moja la aliyekataliwa, na tofauti ikajionyesha. Wa kwanza alikuwa na anwani ya IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za IP, inayoanza na 197, moja ya mafungu yaliyokabidhiwa AFRINIC, taasisi inayogawa anwani za intaneti barani Afrika. Wa pili alikuwa na anwani ya IPv6, mfumo mpya zaidi, na sehemu ya nchi ilikuwa tupu. Tangu mwaka 2023 huduma ya Entra imekuwa ikipokea maombi kwa IPv6, na mtoa huduma wa intaneti wa tawi letu alikuwa amebadilisha ruta na kuwasha IPv6 bila kututaarifu. Kompyuta yenye anwani za aina zote mbili kwa kawaida huipendelea IPv6 inapofanya kazi vizuri. Waliounganishwa na ruta mpya walitoka kwa IPv6, ilhali waliobaki kwenye swichi ya zamani walitoka kwa IPv4, ingawa jina la Wi-Fi lilikuwa lilelile.

Sera yetu ilisema: zuia kila mahali, isipokuwa nchi nne. Anwani isiyojulikana nchi yake haimo katika hizo nne, kwa hiyo inaangukia kwenye "kila mahali" na kuzuiwa. Kwenye mipangilio kuna kisanduku cha kujumuisha nchi zisizojulikana katika orodha inayoruhusiwa, na nilisoma ushauri wa watu wanaokitia alama na kuendelea na shughuli zao. Mimi sikukubaliana nao. Kukitia alama ni sawa na kumwambia mlinzi wa geti apekue kila anayeonyesha kitambulisho lakini amwache apite yeyote asiye nacho. Nilimwandikia mtoa huduma kuuliza kama fungu la IPv6 alilotupa ni la kudumu au hubadilika ruta inapozimwa. Aliponithibitishia kwa maandishi kwamba ni la kudumu, nililiongeza katika maeneo tunayoyatambua kama ofisi, pembeni ya anwani ya IPv4. Kama lingekuwa la kubadilika, ningeomba wazime IPv6 katika tawi hilo hadi watupe la kudumu.

Hapo niseme kidogo kuhusu aina ya anwani zinazofaa kuandikwa humo, kwa kuwa nilikuta pia mafungu ya 192.168 yameingizwa katika orodha ya ofisi. Hizo ni anwani za ndani. Huduma ya wingu haizioni kamwe, inaona tu ile ya nje ambayo ruta inatokea nayo. Kuziandika hakumsaidii mtu yeyote, na nilizifuta siku hiyohiyo.

Kisa kilichonifundisha zaidi ni cha ofisa wetu aliyekwenda Dubai kupokea magari ya mteja. Alinipigia kusema kwamba hotelini barua pepe inakataa, lakini akizima Wi-Fi na kutumia laini yake ya Tanzania inafunguka. Kwa sera iliyoandikwa, alipaswa kukataliwa kote kuwili, maana Falme za Kiarabu hazimo kwenye orodha. Kumbukumbu zilionyesha kwamba kwa Wi-Fi alionekana yuko Dubai, na kwa laini ya simu alionekana yuko Dar es Salaam. Hakukuwa na ajabu: laini inapotumika ugenini, mara nyingi data yake husafirishwa kwanza hadi kwenye lango la kampuni ya simu ya nyumbani na kutokea hapo kwenda kwenye intaneti, hivyo anwani inayoonekana ni ya nyumbani. Mtu anaweza kuwa Deira sokoni na mfumo ukaapa kwamba yuko Kariakoo.

Wakurugenzi waliposikia hayo waliuliza kama hatuwezi kutumia GPS. Inawezekana: programu ya Microsoft Authenticator inaweza kutuma mahali simu ilipo, na huendelea kuuliza kila saa. Nilishauri tusiifanye kwa wote. Tawi la Mombasa lingeangukia chini ya sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na ofisi za Tanzania chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sikuona sababu nzito ya kukusanya nyendo za dereva au karani kila saa ili kulinda kisanduku cha barua pepe. Mtumishi akikataa kushiriki mahali alipo, mfumo unamhesabu kuwa hajulikani, na tunarudi palepale kwenye tatizo la nchi tupu. Badala yake tuliongeza sharti la kifaa: anayesafiri nje ya nchi nne huingizwa kwenye kundi la wasafiri lenye tarehe ya mwisho, naye huruhusiwa kuingia kwa kompyuta ya kampuni iliyosajiliwa tu pamoja na uthibitishaji wa hatua mbili. Wengine wote nao sasa hudaiwa hatua ya pili hata wakiwa ofisini, kwa sababu kwangu anwani ya ofisi si ushahidi wa mtu, ni ushahidi wa ruta.

Idara ya fedha ilikuwa na ugonjwa wake. Waliofanya kazi nyumbani kwa VPN ya ofisi, njia maalumu ya kuunganisha kompyuta ya nyumbani na mtandao wa ofisi, waliingia vizuri, kisha dakika chache baadaye barua pepe ikawatoa na kuwadai waingie tena. VPN ilipangwa kupitisha ofisini safari ya kuingia tu, ilhali mazungumzo na seva ya barua pepe yalitoka moja kwa moja kupitia intaneti ya nyumbani. Entra iliona anwani ya ofisi na kutoa tokeni, yaani kibali cha muda cha kuingia, seva ya barua pepe ikaona anwani ya nyumbani, na kwa kuwa sera yao iliwekwa katika hali kali ya kukagua mahali mfululizo, tokeni ikakataliwa. Katika kumbukumbu kuna safu inayoonyesha anwani iliyoonwa na huduma yenyewe, tofauti na iliyoonwa wakati wa kuingia, na bila safu hiyo ningeendelea kuilaumu VPN isiyo na hatia. Tulipitisha njia zote mbili ofisini na malalamiko yakaisha.

Mabadiliko yote niliyaweka kwanza katika hali ya ripoti tu, ambayo hupima sera bila kumzuia mtu, na nikaacha yapite mwisho wa mwezi ambapo idara zote huwa kazini kwa nguvu. Kifaa cha majaribio cha Entra, ambacho unakipa jina la mtumishi, anwani na nchi ili kikuonyeshe sera zipi zingemgusa, nilikitumia sana, lakini kinajibu kwa nchi uliyoandika wewe, si ile ambayo mfumo ungeikisia wenyewe. Ndiyo maana siwezi kukitegemea peke yake.

Kilichobaki ni Tunduma. Fungu moja la anwani za mtoa huduma wa pale linahesabiwa kuwa la Mauritius, nchi ambako AFRINIC ina makao yake, na nadhani hifadhidata inayotumika kukisia nchi inarudia tu nchi ya msajili kwa kuwa haina taarifa nyingine. Nimemwomba mtoa huduma achapishe faili la mahali pa anwani zake kwa muundo wa RFC 8805, waraka wa kiufundi wa intaneti, ambao umekuwepo tangu mwaka 2020 kwa kazi hiyohiyo. Hadi atakapolichapisha, fungu hilo nimeliandika kwa mkono katika maeneo yanayoruhusiwa, nikaweka jina la mtoa huduma na tarehe ya kulipitia upya, na kila Ijumaa nachuja kumbukumbu za waliokataliwa ambao sehemu yao ya nchi ni tupu au ni Mauritius.