Kilifi hadi Lamu kwa mashua, kurudi kwa basi

Rafiki yangu wa Lamu alinunua mashua ya futi 26 huko Kilifi, akaniomba niwe baharia wa tatu kuifikisha Shela, kisiwani Lamu. Tulikwenda mwishoni mwa Agosti. Juni na Julai kusi, upepo wa kutoka kusini, ni kali na bahari huchafuka. Ukingoja sana, upepo hulegea ukabaki unaelea tu. Mwisho wa Agosti upepo unatosha, na mkondo bado unapanda kaskazini, unakuongezea maili moja kwa saa au zaidi. Ila upepo huo hauna marejeo. Chombo kikifika Lamu kinakaa hadi kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ivume, na wewe uliyesaidia unarudi kwa barabara. Yote mawili yapangwe kabla ya kutweka tanga.

Mashua ilikuwa imekaa mchangani miezi miwili, mbao zimekauka na maungo yameachana. Tulikalafati, yaani tuliziba maungo, kwa pamba iliyolowa mafuta, tukapaka deheni ya shahamu na chokaa chini, kisha tukaishusha horini, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, ikae siku mbili mbao zinywe maji. Usiku wa kwanza tulikumba (tulichota maji na kumwaga nje) ndoo nzima kila nusu saa. Usiku wa pili, ndoo moja kwa saa nne. Kama isingepungua hivyo nisingekubali kuondoka: mbao zisizoziba horini hazitaziba zikipigwa na mawimbi.

Farumi, uzito wa kutuliza chombo, ilikuwa viroba 16 vya mchanga, kilo 25 kila kimoja. Vinne tulivivuta kuelekea tezi (nyuma), maana upepo wa nyuma husukuma omo (mbele) chini. Tumia viroba viwiliviwili, kimoja ndani ya kingine. Kikipasuka, mchanga huingia ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, huziba matundu ya chini ya mataruma (mbavu za chombo), na maji hayafiki mahali pa kukumbia.

Tulichagua siku za bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu, kwa sababu ya saa zake: pwani yetu maji ya bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni. Tukatoka Kilifi saa kumi na nusu alfajiri kwa mashine ya kufunga nyuma, maji yamejaa na kutulia. Ukitoka yakiwa yanakupwa kwa kasi, maji ya horini hukutana na mawimbi ya kusi pale mlangoni, na mawimbi husimama wima yakavunjika.

Siku ya kwanza ni Kilifi hadi Ngomeni, kama maili 45 za bahari. Ya pili Ngomeni hadi Shela, kama 60. Njia yote upepo unatoka nyuma upande wa kulia, na nchi kavu iko demanini, upande upepo unakoelekea. Hilo ndilo la kuogopa: chochote kikikatika, unapelekwa mwambani. Tulikaa maili tatu nje ya mwamba hata pale ambapo njia ya karibu ilionekana salama. Wala usiuache upepo uje nyuma sawasawa. Tanga likijigeuza lenyewe, foromali, mti unaoshika tanga, hupiga mlingoti na kichwa cha aliyesimama karibu. Kuligeuza kwa makusudi ni kazi ya watu watatu: mmoja usukani, mmoja anaachia kamba ya demani inayovuta tanga, mmoja anavuta foromali isimame wima na kuipitisha mbele ya mlingoti. Tulifanya hivyo mara mbili tu, kuingia Ngomeni na kuingia Lamu.

Ngomeni utaijua kwa yale majukwaa ya chuma baharini ambako Waitaliano walirusha setilaiti kati ya 1967 na 1988. Rasi inazuia kusi, pa kulala ni pazuri. Tulifika saa nane mchana, maji yamejaa nusu. Bildi, kamba yenye risasi ya kupimia kina, ilisoma pima nne, kama mita saba. Bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, kwa hiyo amari (kamba ya nanga) tuliipima kwa kina cha maji yakijaa, mara tano.

Tulipotua tanga nikaipitisha henza, kamba ya kupandishia foromali, mkononi. Pale inapopita juu ya mlingoti, shibiri moja ilikuwa imetoa manyoya, na ncha moja kati ya tatu imekatika kabisa. Kamba ilikaa mahali pamoja kwa muda wa saa tisa, na kila wimbi foromali iliitikisa. Tulikata pima moja upande wa foromali tukafunga upya, ili sehemu nzima ndiyo ipande juu. Kesho yake, kila baada ya saa mbili tuliilegeza kiganja kimoja.

Ghuba ya Ungwana haina kina kirefu. Mawimbi ni mafupi na yamekaribiana. Maji ya Mto Tana hushusha magogo, kwa hiyo mtu mmoja alikaa omo akiangalia tu. Tukapita kati ya Shela na Ras Kitau ya kisiwa cha Manda saa kumi jioni, maji yakiwa bado yanajaa.

Mashine ya farasi 15 ilikuwa ya kuazima, ikabidi nirudi nayo. Petroli tulichanganya mililita 20 za oili kwa kila lita; iliyobaki nilimwachia rafiki yangu, basini hairuhusiwi. Jioni ileile niliizamisha mashine kwenye pipa la maji matamu, ikanguruma dakika kumi, nikafunga mafuta ikajizimia yenyewe ili kabureta ikauke. Isimame wima kwanza maji yote yatoke, ndipo uilaze, kichwa kikiwa juu kuliko rafadha (panga la kusukuma maji). La sivyo maji yaliyobaki hushuka hadi kwenye silinda.

Tiketi ikatwe siku moja kabla. Alfajiri ni boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen hadi Malindi na Kilifi. Beba kitambulisho chenyewe, si nakala. Vizuizi ni vingi na abiria hushuka kukaguliwa. Mashine iliyofungwa kwenye gunia nayo ilifunguliwa mara mbili, na mara zote mbili barua ya mwenyewe, yenye namba ya mashine, ilisomwa hadi mwisho.