Çavdarhisar: Shauri la Mashamba Ukutani mwa Hekalu

Nilipanda dolmuş, vibasi vinavyofanana na daladala zetu, kwenye stendi ya Kütahya, magharibi mwa Uturuki, asubuhi ya mwezi wa Juni. Ni kilomita kama 57 tu, na njia nzima ni mashamba: ngano ambayo bado haijakauka, bitiruti za sukari, kisha ghafla eneo zima jeupe lenye madoa ya zambarau. Mipopi, mimea ya afyuni. Huku hulimwa kwa leseni ya serikali, kwa ajili ya dawa za hospitali na mbegu za kutia kwenye mikate. Mwaka 1971 serikali iliipiga marufuku kwa shinikizo la Marekani, ikairuhusu tena 1974.

Çavdarhisar ni mji mdogo wa wakulima uliokaa juu ya mji wa kale wa Aizanoi. Huingii getini ukaacha maisha nje. Kuku wanaparua chini ya nguzo, na kwenye msingi wa zizi moja niliona jiwe la marumaru lililochongwa majani ya mzabibu, limelazwa ubavu kama tofali. Tarehe 28 Machi 1970 tetemeko la Gediz liliua zaidi ya watu elfu moja katika eneo hili, na nyumba nyingi za hapa zikaanguka.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye hekalu la Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale. Nguzo za upande wa kaskazini na magharibi bado zimesimama, na ukutani kuna wapanda farasi waliochorwa kwa ncha ya chuma na Watatari wa Çavdar, ambao karne ya 13 waligeuza uwanja wa hekalu kuwa ngome. Jina la mji limetoka kwao. Lakini mimi nilikuwa nimefuata maandishi ya ukumbini, ya Kigiriki na Kilatini.

Ni kesi ya ardhi. Wafalme wa Pergamon na Bithynia, falme za kale za huku, walilipatia hekalu mashamba, yakagawiwa wakulima kwa kodi. Miaka ikapita, kodi ikawa hailipwi, na kila mtu akawa na kipimo chake cha shamba moja ni kubwa kiasi gani. Mnamo mwaka 125 hivi, gavana Avidius Quietus alimwandikia Kaisari Hadrian wa Roma. Hadrian akajibu kwamba watazame miji jirani, wachukue kipimo ambacho si kikubwa kuliko vyote wala si kidogo kuliko vyote, na kodi ilipwe kwa hicho. Barua zikachongwa hapa, kila mwenye shamba azione.

Nilisimama pale muda mrefu. Mimi ni mtoto wa Uchagani, kwetu mpaka ni mstari wa masale, mmea wa kupandwa mpakani, na nimekua nikisikia wazee wakigombania hatua mbili za kihamba, shamba la ukoo, hadi jua linazama. Nilizifuata herufi kwa kidole bila kuzigusa. Zimekatwa sawasawa, ndani zina kuvu ya njano.

Mzee mmoja aliyekuwa anapita na jembe begani aliniita, "Kızım, umetoka wapi?" Kızım ni binti yangu. Nikamwita amca, baba mdogo, nikamweleza habari ya masale. Akacheka, akanionyesha shamba lake ng'ambo: mpaka wake ni mawe mawili, na moja, alisema, jirani amelisogeza.

Ng'ambo ya mto kuna soko la duara lililochomoza baada ya tetemeko. Kwenye mawe yake kumechongwa nakala ya tangazo la bei la Kaisari Diocletian la mwaka 301, lililotaka kuzuia bei kupanda. Tangazo hilo liliweka kibarua wa shamba kwa dinari 25 kwa siku pamoja na chakula. Likaweka pia bei ya mtumwa: mwanamume wa miaka 16 hadi 40, dinari 30,000. Ni ujira wa siku 1,200. Nimewahi kusimama Mkunazini, Unguja, mahali soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, na pale Çavdarhisar tumbo lilinikaza vilevile. Aliyechonga ngano ndiye aliyechonga mtu, kwa mkono uleule.

Jioni nilirudi kusubiri gari karibu na daraja la Kirumi. Mwanamke aliyekuwa akiuza mkate wa mbegu za mipopi alinikatia kipande kikiwa bado cha moto, mafuta yake meusi yakanichafua vidole, akakataa pesa. Juu ya nguzo ya umeme, korongo wawili walikuwa wanalisha makinda. Nikamwambia mama yule kwamba hao, baridi ikianza, huja kwetu. Aliwatazama, kisha akanikatia kipande cha pili.