Vyombo vya kioo vya mtumba vyenye kasoro: nilivyochagua vya kutengenezea bia

Ukienda kununua chombo cha kioo kilichokwisha tumika, na chenye kasoro, muuzaji atakijaza maji mbele yako ili uone kwamba hakivuji. Na kweli hakivuji. Ila kutovuja leo hakusemi lolote kuhusu siku kitakapobeba bia. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kununua vyombo vya mtu aliyekuwa anaacha kutengeneza bia nyumbani, habari ya kuvuja niliiweka kando. Kila nilichokishika nilikiuliza mambo matatu: kitabeba uzito? Kitakutana na joto? Kitafungiwa gesi? Kwenye jagi la kupimia, ufa mdogo ni jambo la kuvumilia. Kwenye chombo kinachojibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo matatu, ufa ule ule unatosha kukiacha.

Mzigo wenyewe ulikuwa madumu mawili ya kioo ya lita 19, yale ya shingo nyembamba ya kuchachushia, chupa ya maabara yenye umbo la koni, kreti za chupa za kahawia, na haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa kimiminika ukilinganishwa na maji. Vyote vilikuwa na kasoro ya aina fulani, na bei ilikuwa imeshushwa kwa sababu hiyo.

Dumu la kwanza lilikuwa na ufa begani, mrefu kama kidole, uliokatikia katikati ya kioo bila kufika popote. Ni ufa ambao mtu huutazama akasema, "Huu umeshasimama." Haujasimama. Chuma kikizidiwa hupinda kwanza, nawe unapata onyo. Kioo hakina hatua hiyo ya katikati. Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alieleza kwa nini kioo huvunjika kwa mzigo mdogo kuliko hesabu za nguvu zake zinavyoonyesha: mkazo hukusanyika kwenye ncha ya ufa, na kadiri ufa unavyorefuka ndivyo mzigo wa kuusogeza mbele unavyopungua. Isitoshe, maji, hata unyevunyevu wa hewani tu, huzishambulia kemikali za kioo pale pale kwenye ncha, na ufa ukatambaa taratibu bila mtu kugusa chombo. Dumu la namna hiyo linaweza kukaa limejaa usiku kucha likiwa zima, kisha likapasuka asubuhi.

Hesabu ya uzito ni fupi. Lita 19 za maji ya kimea, yaani bia kabla ya kuchachuka, yenye uzito linganifu wa 1.050 (maji matupu ni 1.000), ni karibu kilo 20. Ongeza kioo chenyewe, kilo tano au sita. Hizo ni kilo 25 zinazoteleza, zenye shingo ya kushika kwa mkono mmoja, na aghalabu unazibeba ukiwa na mikono yenye maji. Waliokatwa na madumu ya kioo hawazungumzii mikwaruzo, wanazungumzia kano za mikono na viganja vilivyoshonwa. Muuzaji aliponiambia, "Hilo chukua tu, ndugu yangu, sikudai kitu," nilikataa, nikamshauri alifunge kwenye magazeti mengi alitupe mahali pasipofikiwa na watoto. Alitaja gundi. Gundi huziba njia ya maji, lakini hairudishi nguvu ya kioo, na sitaki gundi nisiyoijua iguse kitu nitakachokunywa.

La pili lilikuwa na pengo mdomoni, upande wa nje. Hili ndilo lililonichukua muda, kwa sababu pengo si ufa. Pengo ni kipande kilichobanduka na mambo yakaisha hapo. Ufa bado una safari. Shida ni kwamba kipigo kilichobandua kipande kinaweza kuwa kimeacha na ufa chini yake, kwa hiyo usilitazame pengo, tazama linakoishia. Niliingia nalo chumba chenye giza na tochi, nikamulika kwa pembeni huku nikilizungusha. Ufa ukipigwa na mwanga wa pembeni hung'aa ghafla, kisha unapotea ukigeuza kidogo. Halafu nikapitisha ukucha kuanzia ndani ya shingo hadi begani. Ukucha ulikwama kwenye pengo tu.

Kipimo cha mwisho nakipenda, ingawa huonekana kama mchezo. Washa skrini ya kompyuta ya kawaida iwe nyeupe tupu, vaa miwani ya jua ya aina inayochuja mng'ao, kisha inamisha kichwa mpaka skrini iwe nyeusi. Weka kioo kati yako na skrini. Kioo kilichotulia hubaki na giza. Penye mkazo uliofungiwa ndani panatokea mwanga, wakati mwingine wenye rangi. Dumu langu lilionyesha mwanga hafifu kwenye mshono wa shingo, na hakukuwa na chochote karibu na pengo. Nikalichukua. Kingo kali za pengo nilizisugua kwa msasa laini wa maji, nikiuweka umelowa muda wote ili vumbi la kioo lisiruke. Kizibo cha mpira hukaa chini ya pengo, ndani ya shingo, kwa hiyo kinaziba sawasawa. Pengo lingekuwa upande wa ndani, pale kizibo kinapobana, ningeliacha.

Hata hivyo sikulipa imani yote. Linakaa ndani ya kreti ya plastiki, nalijaza palepale litakapokaa, nalihamisha likiwa tupu. Maji ya kimea hayaingii humo mpaka yapoe kabisa. Na povu likiwa jingi natoa ule mrija mdogo wa maji unaopumulia gesi, naweka bomba nene linaloishia kwenye ndoo ya maji, kwa sababu povu likiziba tundu dogo, gesi haina pa kwenda.

Chupa ya maabara ilinisikitisha. Ilikuwa ya kioo cha borosiliketi, kile ambacho Otto Schott alikianzisha Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19, na ambacho Corning ya Marekani ilianza kukiuza kwa jina la Pyrex mwaka 1915. Kioo hiki kikipashwa joto hutanuka karibu theluthi tu ya kioo cha kawaida cha chupa, ndiyo maana kinastahimili kutoka motoni. Kwa kulishia hamira kabla ya kupika ni chombo kizuri mno: unachemshia humo humo, unapoza, unatia hamira. Lakini kwenye kitako palikuwa na alama ya nyota, nyufa ndogo zilizotawanyika kutoka nukta moja, kama mtu alidondosha kitu kizito ndani. Sifa ya kuvumilia joto ni ya kioo kizima. Chenye nyota kitakoni ukikiweka jikoni, joto litaanzia kazi hapo hapo. Nikairudisha mezani.

Nigusie hapa jambo la jina, maana linawadanganya wengi. Vyombo vya jikoni vilivyouzwa Marekani kwa jina la Pyrex vilikuja kubadilishwa vikawa vya kioo cha kawaida kilichokazwa kwa joto, kwa hiyo chapa peke yake si ushahidi. Ukiwa na fimbo au kipande kidogo, kichovye kwenye mafuta ya kupikia: borosiliketi karibu ipotee machoni, kwa kuwa inapinda mwanga karibu sawa na mafuta. Kioo cha kawaida hubaki kinaonekana kingo zake.

Chupa ndizo zilizonifanya niwe mkali kuliko kawaida, na najua watengenezaji wengi hufanya kinyume: wanahangaika na dumu, chupa wanazipokea zote. Dumu halifungwi likakaa na gesi. Chupa kazi yake ni hiyo. Bia yenye gesi ya ujazo 2.5, yaani lita mbili na nusu za gesi katika kila lita ya bia, ikikaa kwenye nyuzi joto 20 inasukuma kioo kwa karibu bari 2 juu ya hewa ya nje, sawa na tairi la gari dogo. Na hiyo ni pale mambo yakienda sawa. Kila gramu 4 za sukari zinazochachuka katika lita moja huongeza karibu ujazo mmoja wa gesi. Sasa fikiria chupa yenye mikwaruzo mirefu ndani, iliyojificha humo hamira za porini kama Brettanomyces, ambazo hula sukari za minyororo mirefu ambazo hamira ya bia imeziacha. Bia uliyodhani imekwisha kuchachuka inaanza tena, taratibu, ikiwa imefungwa kizibo. Mikwaruzo hiyo hiyo iliyozificha hamira hizo ndiyo iliyopunguza nguvu ya kioo. Kasoro moja imeongeza mzigo na kupunguza uwezo wa kuubeba.

Kwa hiyo nilipanga hivi. Chupa yenye pengo mdomoni, hata dogo la kuonekana kwa shida, niliitoa: kizibo hakitakaa vizuri, na mashine ya kubana inaweza kumega kipande kingine kikaangukia kwenye bia. Zile zenye michubuko myeupe begani, alama ya chupa zilizokuwa zikirudishwa kiwandani na kugongana njiani, nilizichukua kama ukucha haukukwama. Nyingi zilitengenezwa nene tangu mwanzo kwa ajili ya maisha hayo. Chupa nyepesi za kizibo cha kuzungusha sikuzitaka. Za kahawia nilizipa nafasi kuliko za kijani na nyeupe, si kwa nguvu bali kwa mwanga: mwanga wa buluu na wa urujuani ukizifikia kemikali chungu za hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, bia hupata harufu mbaya sana, na kahawia huuzuia.

Ukungu nao, ule weupe unaofifisha kioo, huwatisha watu bure. Chupa au dumu lenye ukungu mweupe ndani, lilowanishe. Ukungu ukipotea likiwa na maji na kurudi likikauka, bado hujajua: inaweza kuwa chumvi za maji, au kioo chenyewe kimelika. Tia siki au maji ya asidi ya sitriki, acha kwa saa kadhaa. Chumvi za maji zitatoka. Kisichotoka hata baada ya sabuni ya oksijeni, ile ya sodiamu pakaboneti, iliyolowekwa kwa maji ya uvuguvugu usiku kucha, huenda ni jiwe la bia, ambalo ni kalisi oksaleti na linataka asidi kali zaidi kama fosforiki. Au basi kioo kimelika na hakitarudi. Kilicholika kidogo bila mikwaruzo nakitumia kwa kazi fupi. Nisichokifanya ni kutikisa mchanga na maji ndani ya chupa. Inang'aa, ndiyo, na umeijaza makovu mapya.

Vipo vitu ambavyo sikuvitazama mara mbili. Kipimajoto cha zebaki kilichokuwa kwenye mzigo ule ule nilikiacha. Dumu ambalo mwenyewe hakumbuki lilikuwa na nini zamani, na lina harufu, silipeleki nyumbani hata likiwa halina kasoro.

Haidromita ilikuwa karibu kutupwa kwa sababu karatasi yake ya ndani ilikuwa imeteleza. Kioo chake kilikuwa kizima, na hilo ndilo muhimu: ingekuwa imepasuka, bia ingeingia na kuifanya izame, na vile vipande vya uzito vilivyo chini, ambavyo kwa nyingine ni madini ya risasi, vingeweza kuishia kwenye sampuli. Niliitumbukiza kwenye maji safi ya nyuzi joto 20, ikasoma 0.997 badala ya 1.000. Kisha nikayeyusha gramu 100 za sukari kwenye gramu 900 za maji, mchanganyiko ambao unapaswa kusoma 1.040. Ikaonyesha 1.037. Tofauti ni ile ile juu na chini, kwa hiyo nimeandika kwenye kasha lake "ongeza 3", na kila siku ya kupika naipima kwanza kwenye maji, kwa kuwa karatasi iliyoteleza mara moja inaweza kuteleza tena.